Kamba ya Muda

Saa tisa usiku, Vingunguti. Presi namba nne imesimama
katikati ya pumzi, kichwa kimeinamia bawaba isiyokamilika,
na kwenye kioo chake nambari ileile: thelathini na moja.
Wiki ya tatu hii. Tumebadilisha draivu.
Tumebadilisha feni ya kabati, tukapuliza vumbi la miaka miwili.
Mhandisi Ndimbo ameshaagiza mota mpya,
iko melini, na bei yake siitaji
mbele ya watu wanaolipwa kwa siku.

Stamili, anayeiendesha, ameketi juu ya kreti,
anatoa grisi kwenye kucha kwa ncha ya bisibisi yangu.
"Inaguna kwanza," anasema. "Kila ikirudi juu.
Niliwaambia zamu ya mchana.
Wakaandika: opereta ana wasiwasi."

Ninazima swichi kuu. Ninatia kufuli,
ufunguo shingoni, kibao mlangoni: MTU YUMO.
Halafu ninasubiri dakika kumi,
kwa sababu umeme uliokatwa haujafa;
umejibanza ndani ya kapasita, kimya,
kama deni.

Namkumbuka Likoko na presi ya zamani, ile ya gurudumu,
ambayo ukiipiga nyundo ubavuni ilielewa.
Ilishuka ikitaka. Ilishuka hata usipotaka:
vidole viwili vya Likoko vilibaki kwenye komeo
ambalo mkaguzi alilitupa kwenye chuma chakavu.
Leo anauza vocha karibu na machinjio,
anahesabu chenji kwa mkono wa kushoto
na hakosei.

Hii mpya haina ubabe huo. Hii ina maswali.
Mara elfu kadhaa kwa sekunde inajiuliza:
niko wapi? niko wapi? niko wapi?
na enkoda, jicho lililo kisogoni mwa mota, linaijibu
hadi sehemu ya elfu ya milimita.
Jibu likichelewa, au likifika limechanika,
inasimama. Haibahatishi.

Dakika zimetimia. Mita inasoma sifuri; napima tena.
Naishika kebo ya enkoda, naifuata kwa kidole gumba
kama mtu anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto:
tundu la bati, kona, kisha mnyororo wa plastiki
unaoibeba juu, chini, juu, chini,
mara elfu ishirini kwa siku.

Hapo kidole kinanasa. Ganda limelika.
Wavu wa shaba umekatika nyuzinyuzi,
na waya mweupe, mwembamba kama tambi, umebaki uchi.
Kilichousaga ni kamba ya plastiki, nyeusi,
iliyokazwa mno, ncha yake haikukatwa,
imekunjwa na kuchomekwa ndani kama kilemba.

Kiwanda kizima, ni mimi tu ninayekunja ncha hivyo.

Ilikuwa Januari. Umeme ulikatika mara tatu usiku ule,
lori la Morogoro linaunguruma getini likingoja mzigo,
nikasema: naifunga kwa muda, kesho nitaiweka vizuri.
Kesho ikaja na mambo yake.

Stamili ameuona uso wangu. Hakuuliza.
Amechukua tochi, akanimulikia.

Kebo mpya nimeipa ulegevu wake, kitanzi cha kupita ngumi mbili.
Wavu nimeubana kwenye ardhi ya kabati.
Kufuli nimelifungua mwenyewe.
Stamili anaweka mikono miwili kwenye vitufe viwili
vilivyotenganishwa makusudi, pasibaki kidole cha kutangatanga.
Presi ikashuka. Ikapanda. Haikuguna.
Bawaba ikadondoka ndooni, ina ujotojoto.

Sasa daftari. Tarehe. Mashine. Kosa.
Safu ya "chanzo" ni nyembamba, upana wa vidole viwili.
Nimeandika: kebo kuchakaa.
Nimeitazama sentensi hiyo mpaka chai ikapoa.
Pembeni, nje ya mstari, nimebana jina langu, na la baba.
Na chini yake: opereta alisikia mapema. Aulizwe kwanza.

Ndimbo atasoma saa mbili.
Mota bado iko baharini, inakuja.